Betri ya laptop imeniingiza blanketi moja na mama mkwe

Leo mchana kweupe nimekutwa ndani ya blanketi moja na mama mkwe wangu.

Tulikuwa wawili tu. Nje ya blanketi walikuwa wamesimama baba mkwe, shangazi wa mke wangu, na mnunuzi wa alizeti kutoka mjini ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, na ningefurahi nisimwone tena. Sasa nimesharudi nyumbani Singida mjini, salama kimwili. Naandika kwa simu, kwa sababu laptop ndiyo chanzo cha yote na sitaki hata kuitazama.

Kabla hamjaanza kuandika mnayotaka kuandika hapo chini, someni mpaka mwisho. Nitaeleza kwa utaratibu. Kila kilichotokea kina sababu, na sababu yenyewe ni betri.

Wanaonifahamu wanaijua laptop yangu. Niliinunua mtumba. Tumboni ina kibandiko cha ofisi ya watu nisiowajua, kimeandikwa lugha nisiyoijua, na herufi M imefutika kabisa kwa kubonyezwa. Ndiyo ninayoandikia habari zangu ninazozituma magazetini: bei ya alizeti, malori yaliyopinduka njia ya Mkiwa, mikutano ya hadhara. Ni mashine mwaminifu. Ugonjwa wake ni mmoja. Ukichomoa chaja, inakuwa kama mgeni aliyekaa huku kofia ameishika mkononi. Muda wowote anaaga.

Sasa njooni kwenye harusi.

Shemeji yangu Yona, kitinda mimba wa mama mkwe, alioa Sumbawanga anakofanya kazi. Mama mkwe hakwenda. Siku chache kabla ya safari aliteleza kisimani, akavunjika mguu, akabaki kijijini kwao Ilongero na plasta mpaka gotini huku ukoo mzima ukipanda basi. Mimi pia sikwenda, nilikuwa na kazi. Waliporudi, mama mkwe alimuuliza mume wake harusi ilikuwaje. Baba mkwe ni mtu mwema sana, lakini si mtu wa taarifa. Alisema, "Ilikuwa nzuri. Nyama ilikuwepo."

Basi. Hiyo ndiyo habari kamili ya harusi ya mwanawe wa mwisho aliyoletewa yule mama, na amekaa nayo tangu wakati huo. (Mimi ni mwandishi. Taarifa ya namna ile inaniuma kama jino.)

Mke wangu Debora alikwenda, na alirudi na jambo moyoni. Akaniambia mimi peke yangu kwamba mwishoni kabisa mwa sherehe, baada ya keki, baada ya zawadi, Yona alishika kipaza sauti akamshukuru mama yake ambaye hakuwepo. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mpaka wapishi walitoka kusikiliza. Nilimuuliza kwa nini hajamsimulia mama yake. Akasema, "Maneno yale si yangu. Atayasikia kwa Yona mwenyewe." Maana mpiga picha wa video alikuwepo, na diski ilikuwa inatengenezwa.

Diski ikaja kwa basi, imefungwa ndani ya gazeti. Mkanda wenyewe ni kama saa nzima. Nyumbani kwa wakwe hakuna umeme. Sola yao inawasha taa mbili na kuchaji simu, na hata hiyo simu inachajiwa kwa kubembelezwa. Laptop yangu kwa betri ilikuwa inadumu nusu saa. Nikapiga hesabu nikaona wazi kitakachotokea. Mama mkwe angeona watu wakiingia ukumbini, angeona wakila, halafu giza. Yaani angeambulia kile kile alichokwisha kuambiwa: nyama ilikuwepo.

Nikasema hapana. Betri hii itafika mpaka kwa Yona, itake isitake.

Betri mpya nilitafuta. Kwa umbo lile, Singida nzima haipo. Niliyoagiza Dar ilifika, ikawa ya kaka yake laptop yangu, si yake. Ikabaki njia moja: kuifundisha ya zamani kubana matumizi. Nilisoma mtandaoni kila ushauri niliouona, nikaanza majaribio. Kila jioni nachaji mpaka ijae, nachomoa, nacheza ule mkanda, nasubiri ife.

La kwanza niliuhamisha mkanda kutoka kwenye diski kuingia kwenye laptop yenyewe, kwa sababu diski ikizunguka inakula umeme kama mashine ya kusaga. Nikafunga kila programu isiyohusika. Nikazima mambo ya mtandao. Nikaondoa hata ile picha ya ziwa niliyokuwa nimeiweka kwenye kioo, nikaweka weusi mtupu. (Debora aliuliza nani kafa.) Ikaongezeka kidogo, haitoshi. Nikazima spika, nikachomeka visikilizio vya waya vya simu, vile vya kutia masikioni. Ikaongezeka tena. Nikaiamuru izime kioo yenyewe kila ikikaa dakika moja bila kuguswa, sauti iendelee. Mwisho nikapunguza mwanga wa kioo mpaka chini kabisa. Debora alisema anawaona watu wa harusi kama wako ndani ya moshi wa kuni. Nikamwambia awe na shukrani, wapo.

Jioni moja betri ikafika. Mkanda ukaisha, na laptop bado hai! Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Mtoto wetu Eliya akapiga pia, bila kujua sababu.

Sheria ya mwisho niliyoisoma ndiyo iliyoniua: joto ni adui wa betri. Iwekwe mahali pa baridi, penye hewa inayopita. Kumbukeni sheria hiyo.

Leo Jumamosi tukaenda Ilongero. Debora alipanda bodaboda yake, mimi na laptop tukapanda yetu. Nilikuwa nimeizima, nimeifunga kwa kanga, nimeikumbatia kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Mwendesha boda aliniuliza kwa upole mgonjwa ana shida gani.

Hapa inabidi niwaeleze walio mbali. Kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Hawakai mkeka mmoja. Akipita njia hii, mimi napita ile. Salamu nampa nikiwa nimetazama pembeni, naye anaitikia akiwa ametazama pembeni nyingine, na wote tunaridhika. Tangu nimwoe Debora sijawahi kuongea na mama yake moja kwa moja. Mama mkwe husema, "Debora, mwambie mumeo chai inapoa," nami niko hapo hapo, kikombe mkononi. Nami nasema, "Debora, mwambie mama nakunywa." Na Debora hasemi kitu, anaendelea na kazi zake, kwa sababu ujumbe umeshafika.

Ni mpango mzuri. Sijawahi kugombana na mama mkwe. Ni wangapi kati yenu wanaoweza kusema hivyo?

Tulifika, tukaamkia. Shikamoo kwa baba mkwe, shikamoo kwa shangazi, na ile ya kutazama pembeni kwa mama mkwe. Plasta ilishatolewa siku nyingi, ila anatembea kwa fimbo, na mguu anauchua kwa dawa yenye harufu unayoikuta getini kabla hujamkuta mwenyewe. Alikuwa amevaa kitenge ambacho Debora aliniambia baadaye kilishonwa kwa ajili ya harusi. Hakuwahi kukivaa. Amekivaa leo, kuangalia laptop.

Nilipoambiwa hivyo nilizidi kukaza. Leo Yona anafika.

Tatizo likawa mahali. Sebuleni hapakai mtu. Ni magunia ya alizeti kutoka sakafuni mpaka karibu na bati, kwa sababu baba mkwe amekataa bei ya wanunuzi wawili na anamsubiri wa tatu. Debora akatoa wazo. "Si niiingize chumbani kwa mama, tuangalie wawili, wewe ukae nje?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ningeokoka. Chumba kina giza, kioo kingeonekana, mimi ningekuwa nje nakunywa togwa. Lakini nikakumbuka sheria ya joto. Chumba kile kina dirisha la kiganja, na bati la saa saba halijui kama ni Julai. Nikasema hapana, betri itapikwa. Tukae uani, upande wa kivuli cha nyumba, upepo unapita.

Upepo wetu mnaujua. Na mwanga wa mchana mnaujua. Debora alifungua laptop uani, akatazama, akasema haoni hata moshi. Anaona uso wake.

Ningeweza kuongeza mwanga wa kioo. Nilikataa. Sikuja Ilongero kushindwa na jua. Nikaomba blanketi.

Likaletwa la kijivu, zito, la siku za baridi. Mpango ukawa hivi. Mama mkwe na Debora wakae kwenye mkeka, laptop mbele yao juu ya kigoda, na blanketi liwafunike wote watatu. Upande wa laptop unaotoa joto niliuachia mlango mdogo wa hewa. Visikilizio viwili: kimoja sikio la mama mkwe, kingine sikio la Debora. Debora awe anaigusagusa laptop kioo kisizime. Na kwa kuwa upepo ulikuwa unalipeperusha blanketi, nilizunguka nikaweka mawe kwenye pindo zake zote. Mawe makubwa. (Mwekaji mawe ni mimi. Hilo nalo mlikumbuke.)

Shangazi alisimama, mikono kiunoni, akatazama kazi yangu ikiisha. Akasema kitu kwa Kinyaturu. Nilimuuliza Debora maana yake. Debora, kutoka ndani ya blanketi, akasema hakina Kiswahili.

Mimi nikaketi hatua kadhaa pembeni, juu ya kinu kilichopinduliwa. Na kwa heshima, nikawapa mgongo. Huwezi kukaa ukimkodolea macho mama mkwe, hata akiwa ni kilima cha blanketi. Nikawa nasikiliza tu.

Mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyoomba. Nilimsikia Debora akimweleza mama yake nani ni nani. Nilimsikia mama mkwe akicheka alipomwona baba mkwe anacheza muziki, maana hilo nalo halikuwemo kwenye taarifa. Alisema, "Kumbe anaweza!" Baba mkwe, aliyekuwa anazungukazunguka karibu, akaondoka kwenda kusimama barabarani, eti anamwangalia mnunuzi. Shangazi akamfuata kumcheka.

Kwa maelezo ya Debora, kule ukumbini wakala keki. Wakatoa zawadi. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama ndiye mimi ninayeoa. Betri inakwenda. Yona anakaribia.

Ndipo nikasikia fimbo.

Nilisikia blanketi likiinuliwa upande wa pili, halafu ko, ko, ko, fimbo inagonga udongo mkavu, inaelekea nyuma ya jiko. Mimi mgongo nimewapa, siwezi kugeuka. Nikafikiri kama mwandishi. Mwenye fimbo nyumba hii ni mmoja. Nyuma ya jiko kuna choo. Kwa hiyo mama mkwe ametoka kwenda kujisaidia, na ndani ya blanketi amebaki Debora. Na Yona anasimama sasa hivi! Mama yake yuko chooni!

Nikasema kwa sauti ya chini, "Mama Eliya, isimamishe." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikajua amezibwa masikio na kisikilizio. Na betri ile haikuwa na uwezo wa kurudia nyuma. Neno likipita limepita.

Sikufikiri mara mbili. Niliinuka, nikaondoa jiwe moja, nikaingia kichwa kwanza.

Ndani kulikuwa giza totoro. Kioo kilikuwa kimejizima, kama nilivyokiamuru. Nikagonga bega la mtu. Nikalisukuma kwa bega langu, nikasema maneno ambayo nayaandika hapa kama yalivyo, kwa sababu taarifa lazima iwe kamili:

"Sogea huko Mama Eliya, umejaa humu kama gunia la alizeti. Mama yako kaenda chooni, zima hilo dude!"

Bega halikusogea.

Halafu ikanifikia harufu. Dawa ya kuchua.

Debora hana mguu unaouma.

Nawaambia ukweli, nimewahi kuripoti mafuriko, nimewahi kukimbizwa na nyuki wa Itigi nikiwa na kamera shingoni. Sijawahi kuogopa namna ile. Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Debora alisikia kuku wamevamia alizeti iliyoanikwa kwenye turubai nyuma ya jiko. Akamnong'oneza mama yake, "Yona ndiyo anasimama, usitoke." Akakichomoa kisikilizio chake, akachukua fimbo iliyokuwa karibu, akaenda kufukuza kuku. Hilo tu. Mke wangu alikuwa anagongagonga fimbo njia nzima kwa sababu ni mtu wa kugongagonga vitu.

Nikataka kutoka. Nikarudi kinyumenyume, nikakuta jiwe. Nikaenda kushoto, jiwe. Nikaenda kulia, mguu wa kigoda. Na katika kuhangaika, ule waya wa visikilizio ukanasa kwenye kifungo cha shati langu. Nikivuta, naona upande wa pili kuna kitu kinavutika. Ni sikio la mama mkwe.

Nikaganda pale pale, magoti na viganja chini kama mbuzi. Nilitaka kuomba radhi. Lakini nitaombaje? Humo ndani hapakuwa na mtu wa kumwambia amwambie.

Ndipo mama mkwe akasema, gizani, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Debora, mwambie mumeo atulie."

Debora alikuwa nyuma ya jiko na kuku.

Nikajibu, "Debora, mwambie mama nimetulia."

Nikatulia. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa naisikia pumzi yangu tu. Kile kisikilizio cha Debora kilikuwa kinaning'inia mahali fulani karibu na kidevu changu. Ningeweza kukitia sikioni nikajua kinachosemwa. Sikuthubutu. Kusikilizana waya mmoja na mama mkwe, juu ya yote yale? Kuna mipaka. Nilichokihisi ni kimoja tu, kwamba blanketi lilikuwa linatetemeka. Na si mimi, mimi nilikuwa nimetulia.

Halafu nikasikia viatu.

Mnunuzi wa tatu alikuwa amefika. Baba mkwe alimpokea barabarani kwa heshima zote, akawa anamleta aone magunia. Njia ya kwenda sebuleni inapita uani. Walichokikuta uani ni blanketi la kijivu lenye mawe pembeni, na miguu yangu miwili imechungulia nje, na viatu vyangu vya mjini.

Nikamsikia yule mnunuzi akiuliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Mzee, huyo ni nani?"

Baba mkwe akasema, "Ni mgeni."

"Mgeni gani," shangazi akadakia, "huyo si mkwe wako? Na humo ndani si yumo mkeo?"

Shangazi ndiye aliyeinua blanketi. Hakuliinua polepole. Alilifunua kama anayefunua chungu kuona kama nyama imeiva, mawe yakatawanyika, na jua lote la Ilongero likatuangukia. Mimi magoti na viganja chini. Mama mkwe ameketi wima, kitenge chake cha harusi, kisikilizio sikioni, waya umenyooka kutoka sikioni kwake mpaka tumboni kwangu. Na kwa kona ya nyumba anatokea Debora na fimbo. Alitutazama. Akaidondosha fimbo.

Kuku mmoja alipita katikati yetu.

Baba mkwe akamshika mnunuzi mkono. "Twende tukaone alizeti," akasema.

Laptop ilikuwa imekwisha kufa. Hata taa ndogo ya pembeni haikuwepo. Imekufa saa ngapi, kabla sijaingia, nilipokuwa nasema habari za gunia, au nilipokuwa nimetulia? Hakuna anayejua. Mama mkwe alijichomoa kisikilizio, akakiweka juu ya kigoda vizuri, akafuta macho yote mawili kwa ncha ya kitenge. Debora akampa fimbo yake. Akaingia ndani.

Sasa hayo macho. Shangazi anasema ni vumbi la blanketi. Debora anasema mama yake hafuti macho hivyo kwa vumbi. Mimi nilikuwa natazama pembeni, kwa heshima. (Ndiyo, hata wakati ule. Nimechelewa, lakini nilianza tena.)

Kikao kidogo kikakaliwa palepale, mimi nikiwa nimesimamishwa mbali karibu na zizi. Nilimsikia shangazi akimtaka kaka yake aeleze yeye mwenyewe alichokiona, kwa kuwa ndiye mwenye mji. Baba mkwe akawaza. Akasema, "Blanketi lilikuwepo."

Shangazi akatoa uamuzi wake mwenyewe, kwamba blanketi lile halirudi chumbani kwa yule mama wala halimfuniki tena mtu mwingine wa nyumba ile. Niondoke nalo. Hilo la mimi kukanyaga tena pale uani, baba mkwe amesema atawauliza wakubwa zake kwanza. Hakusema lini atawauliza. Nilimuaga mama mkwe nikiwa nimetazama ukuta. Hakujibu, au alijibu na upepo ukachukua.

Habari njema ni moja: mnunuzi amepandisha bei. Shangazi anadai alikuwa anataka kuondoka haraka.

Nimerudi na bodaboda nikiwa nimekumbatia laptop na blanketi. Mwendesha boda alikuwa yule yule wa asubuhi. Alitazama ule mzigo uliofunikwa, akavua kofia, akasema pole.

Nilipofika nikaichomeka chaja. Nia yangu ni moja: nikiiwasha, ule mkanda utanionyesha umesimama wapi. Kama umesimama kabla ya Yona, basi mama wa watu amevaa kitenge chake bure. Kama umesimama baada ya Yona, basi nimeshinda, hata kama kwa aibu. Ni jambo la kuthibitisha tu. Tangu nifike iko kwenye umeme, na taa bado haijawaka. Nimeipapasa betri, ni ya baridi. (Nilitaka baridi, nimepata baridi.)

Debora amepiga simu kwao jioni hii. Nilikuwa nimekaa karibu, nasikia upande wake tu. Aliwasalimia wote, akauliza mguu, akauliza kuku. Mwisho akamuuliza mama yake kwa sauti ya kubembeleza kama alisikia. Akauliza tena, "Umesikia yapi, mama?" Akasikiliza kirefu. Kisha akakata simu, akaniangalia na sura ambayo bado sijaielewa.

Nikamuuliza amesema nini.

"Kasema nikuambie," Debora akasema. "'Mwambie mumeo, niliyoambiwa nimeyasikia.'"

Sasa ni ya Yona, au ni ya gunia?

Anayetaka kucheka acheke kwa kujifunika. Blanketi ninalo mimi.